Mwaka Niliohamisha Mlango

Siku ya tatu ya msiba wa Bana Mutale, ndugu wa marehemu mume wake walikaa mkekani sebuleni wakaanza kuorodhesha mali. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wengine tukichambua katapa, yale majani ya muhogo ambayo upande wetu wa Tunduma tunayaita kisamvu, na kwa kuwa mlango wa kati ulikuwa wazi, kila neno lilitufikia. Walitaja cherehani, wakataja kabati la vyombo, wakataja shamba la mahindi. Kisha shemeji yake mmoja, mtu mzima aliyevaa koti la kijivu juani, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Na ile nyumba ya vyumba vinne kule mpakani, anamokaa yule Mtanzania." Niliweka kisu chini, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikaingia. Kikao kile mwanamke haingii bila kuitwa, na mgeni ndiyo kabisa. Nikasema, "Hiyo iondoeni kwenye orodha yenu. Ile nyumba ina jina langu, na kodi yake naipeleka mwenyewe kila mwaka kwenye dirisha mnalolijua wote." Yule wa koti aliniangalia, akaangalia daftari lake, akakata mstari. Nikarudi kwenye majani yangu, na mwanamke aliyekuwa karibu nami akanisogezea sinia.

Watu husema nina mdomo. Wanangu wanasema, majirani wa pande zote mbili za mpaka wanasema, na sikatai. Ila sikuzaliwa nao. Nilipokuwa msichana nilikuwa mtu wa kuinamisha kichwa na kusema ndiyo. Mdomo nimeupata ndani ya mwaka mmoja, mwaka ambao nilinunua nyumba katika nchi isiyo yangu bila kujua maana ya kodi ya nyumba, nikadanganywa, nikajidanganya na mwenyewe, na nusura niipoteze. Bana Mutale alikuwepo mwaka ule wote. Sasa amekufa, na kabla wengine hawajaanza kuusimulia kwa namna yao, nausimulia mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilikuwa nauza chumvi. Ilitoka Ivuna kwenye magunia, mimi naivusha na kuiuza Nakonde, upande wa Zambia. Tunduma ya wakati ule ilikuwa bado wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya, na kuvuka mpaka kulikuwa jambo la kuvuka barabara. Nilipanga chumba cha uani nyuma ya gesti moja ya madereva wa malori. Kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili, na magunia yangu yaliyopangwa ukutani hadi dirisha likaziba. Ukuta wa kulia ulinitenganisha na chumba cha mwenye nyumba, tena ulikuwa ukuta wa tofali za kusimama, mwembamba, kiasi kwamba mwenye nyumba akigeuka kitandani najua. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Tunduma ile inayofanya maji ya kunawa yaume mikono, nilimsikia akimwambia mkewe, "Huyu wa chumvi atoke. Chumvi inakula ukuta." Mkewe akajibu, "Mwambie mwisho wa mwezi. Hana mume, nani atakuja kuuliza?" Hicho kilikuwa chumba changu cha tatu kutolewa. Nilikaa kitandani na kikombe cha chai mkononi, nikajiambia kwamba cha nne kitakuwa changu.

Kwanza nilitafuta upande wetu. Nilionyeshwa viwanja viwili na kibanda kimoja cha kumalizia, na kote nilipofika mazungumzo yalikwenda vizuri hadi pale mwenye mali alipouliza mzee wangu yuko wapi ili wakae waongee. Nikisema mzee ni mimi, wanacheka, wanakuwa wapole, halafu wananiambia nirudi na mume, au kaka, au hata mchungaji. Nilikuwa na pesa mfukoni na hawakuzitaka kutoka mkononi mwangu. Hasira ile ninayo mpaka leo, wala sijaona sababu ya kuiacha.

Bana Mutale hakuniuliza mume. Alikuwa mteja wangu wa chumvi, mjane aliyenizidi miaka kama kumi na mitano, na upande ule humwita mwanamke kwa mtoto wake, kwa hiyo Bana Mutale ni kusema mama yake Mutale. Jina lake la karatasi lilikuwa Astrida. Alikuwa na nyumba mbili: ndogo aliyoishi, na nyingine ya vyumba vinne iliyokuwa hatua chache tu kutoka kwenye nguzo za mpaka, ambayo aliijenga mwenyewe baada ya kufiwa, kwa biashara ya samaki wakavu. Hiyo kubwa alikuwa anaiuza ili Mutale aende chuo cha uuguzi. Nilipomwambia naitaka, alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akasema, "Eya, ndiyo, mdogo wangu. Njoo Jumapili tule." Nilikuwa tayari na kibali cha kukaa na kufanya biashara upande ule, nilichokifuatilia kwa safari mbili ndefu na picha nyingi za pasipoti, kwa hiyo sheria yao haikunizuia kununua. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanaopenda kusikia kwamba niliingia kupitia dirishani.

Jumapili ile tulikula nshima, ugali wa kwao, na kuku wa kienyeji na majani yaliyoungwa kwa karanga, na tukanywa munkoyo, kile kinywaji chao cha mahindi na mizizi, kitamu na kizito. Mashahidi walikuwa wanne. Karatasi iliandikwa na dalali aliyeitwa Kaluba, mtu msafi, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, aliyekuwa anajua Kiingereza, Kibemba, na Kiswahili cha mpakani. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana. Aliandika idadi ya vyumba, mabati, mti wa mparachichi, choo, hata ufunguo mmoja uliokuwa umevunjika. Tuliweka sahihi, tukapiga vigelegele, na nikahamia wiki ile ile. Katika karatasi yote ile hapakuwa na neno kodi, na mimi sikuona kwamba halipo. Kwa akili yangu ya wakati huo, kodi ilikuwa kile ninachomlipa mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba nilikuwa mimi, basi kodi imekwisha. Leo nikiwafundisha mabinti wanaotaka kununua ng'ambo, naanzia hapo hapo, na huwa wananicheka kwanza.

Kaluba alikuja mwenyewe baada ya mwezi. Alikaa kwenye kiti changu kipya, akapokea chai, akaniita mama kwa lugha yao: "Bamayo, kuna kodi ya jengo. Sisi tunaiita reti." Nikamwambia nitaenda kulipa. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaongeza na mukwai, neno lao la heshima. "Wewe ni mgeni, mukwai. Mgeni akifika mwenyewe pale dirishani wanampandishia. Kuna kodi ya mgeni juu ya ile ya kawaida. Mimi wananijua, niachie mimi." Nikampa. Akanirudishia kipande cha karatasi chenye muhuri wa duara uliofifia, na nikakihifadhi kwenye kopo la majani ya chai kama hati ya ufalme. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na miguu yangu, na ofisi ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Lakini neno mgeni lilinitia woga. Mtu akikuita mgeni kwa upole, unaanza kujiona unaishi kwa hisani, na mtu anayeishi kwa hisani haulizi risiti.

Aliporudi mara ya pili kodi ya mgeni ilikuwa imepanda, na aliporudi mara ya tatu imepanda tena, akasema ni kwa sababu nimepaka rangi. Hapo ndipo nilipochoka. Nilimnyima chai. Nikamwambia aondoke, nitajua mwenyewe la kufanya, ingawa sikuwa najua. Na hapa lawama yote ni yangu, maana mtu mwenye akili angeenda dirishani. Mimi nilikwenda kula.

Nilikwenda kwa mama lishe mmoja karibu na geti la malori, upande wetu, ambaye siku ya Alhamisi alikuwa na makongoro. Meza ya nyuma yangu walikaa mawakala wawili wa forodha, watu wa tai na mabegi, wanabishana kuhusu nyumba za mpakani. Mmoja akasema, "Ah, hili jambo la zamani. Nyumba ni ya nchi inayotazamwa na mlango. Ukitoka asubuhi, unakanyaga wapi kwanza? Hapo ndipo kwako." Mwenzake akakubali, akataja na duka moja lililogeuza mlango wakati sukari ilipokuwa shida. Na kweli, kwa watu wa Tunduma na Nakonde jambo hili lilikuwa linajulikana kama salamu. Ukielekezwa kwa mtu, huambiwi anakaa Zambia au Tanzania, unaambiwa mlango wake unatazama wapi. Wazee waliliamini, wauza mitumba waliliamini, mimi nililisikia tangu nafika. Ila siku ile, na mfupa mkononi, nililisikia kwa masikio mengine. Ukuta wa nyuma wa nyumba yangu ulikuwa unatazama Tunduma.

Jumatatu nilimleta fundi kutoka Vwawa, Mnyiha mmoja mkimya aliyependa kuimba nyimbo za kanisani kwa pua. Nilimwonyesha ukuta wa nyuma nikamwambia atoboe mlango, na ule wa mbele auzibe kwa tofali. Aliupapasa ukuta. "Mama, unabomoa ukuta mzuri hivi kwa nini?"

"Nahama."

"Unahamia wapi?"

"Tanzania."

Aliniangalia, akaangalia nyumba, akaendelea kuimba. Jumanne jioni nilikuwa na mlango mpya. Nilibeba kiti, nikakaa kizingitini, miguu yangu ikielekea nyumbani, na sikumbuki siku nyingine niliyojiona mjanja kiasi kile. Mlango ule upo mpaka leo, na wenye utani bado wananiita Mama Mlango. Naitika.

Bwana wa reti wa upande ule, mtu mrefu wa baiskeli aliyekuwa anazungusha taarifa za kodi nyumba kwa nyumba, alifika wiki hiyo hiyo. Alisimama mbele ya tofali mpya pale palipokuwa na mlango, akazunguka nyumba taratibu, akanikuta nyuma napepeta mchele. Nikamwambia, kabla hajafungua mdomo, kwamba hapa sasa ni Tanzania. Hakukasirika. Akauliza, "Tangu lini, bamayo?"

"Tangu Jumanne."

Akaandika kitu kwenye kitabu chake, akaniaga vizuri, akapanda baiskeli. Mimi niliona nimemshinda. Kwa kuwa sikutaka kuitwa mkwepaji, nilikwenda hata ofisi ya upande wetu kuwaambia wapokee kodi ya nyumba yangu iliyohamia kwao. Kijana wa pale aliniomba namba ya kiwanja, akafunua ramani yake, akaipekua mbele na nyuma, akaniambia kiwanja hicho hakimo kwenye nchi yake na hawezi kupokea. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilitoka pale natembea kifua mbele, nikijua kwamba nimekuwa mtu pekee mpakani ambaye hakuna serikali inayomdai. Nililisema sokoni. Nililisema kanisani. Jirani yangu mmoja upande wa kushoto akaanza kupima ukuta wake wa nyuma kwa hatua.

Miezi ikapita, nikala maparachichi yangu. Kisha asubuhi moja nikitoka na magunia nikakuta karatasi imebandikwa kwenye ukuta, upande ule wa tofali, kwa gundi ya unga. Ilikuwa ya Kiingereza. Nilichoweza kusoma bila msaada ni jina, na jina halikuwa langu. Lilikuwa Astrida, na jina la ukoo la Bana Mutale. Mwalimu mmoja aliyekuwa anapita alinisomea nikiwa nimesimama na gunia kichwani: nyumba hii haijalipiwa reti hata mara moja tangu mwaka uliopita, mwenye nyumba asipolipa ndani ya siku zilizoandikwa, watakuja kuchukua vyombo, na vyombo visipotosha, nyumba yenyewe itauzwa. Hata mara moja. Nililishusha gunia. Zile pesa za Kaluba, na vile vikaratasi vyangu kwenye kopo la chai, havikuwa vimefika popote. Na kwa daftari la serikali ile mimi sikuwa hata mdaiwa. Sikuwepo kabisa. Nyumba niliyoinunua, niliyoipaka rangi na kuitoboa, ilikuwa bado ya mtu mwingine.

Bana Mutale alifika kabla sijavua kilemba. Alikuwa ameshasikia. "Unataka watu waseme Astrida ni mdaiwa? Mimi nililipa dirisha lile miaka yote, sikuchelewa hata siku moja." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, kwa mshangao wa kweli, "Nilidhani unajua. Nani asiyejua reti?" Nilikuwa na jibu kali mdomoni, lakini jibu lenyewe lilikuwa mimi. Nilifunga kopo langu la chai kwa kitenge, nikamshika mkono, tukaenda dirishani.

Dirisha lile nilikuwa nimeliogopa mwaka mzima. Lilikuwa dirisha la kawaida lenye nondo na kibao kilichochakaa kwa viwiko vya watu. Nyuma yake alikaa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anamenya karanga. Wote walimwita Bamayo Chileshe. Nilimwambia kwamba mimi ni mgeni na nimekuja kulipa kodi ya mgeni. Aliacha karanga zake. "Kodi gani?" Nikarudia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kana kwamba tatizo ni macho. "Sikiliza, mama. Nyumba haina pasipoti. Hapa tunathamini jengo, tunaandika thamani kwenye daftari, reti inatoka kwenye thamani hiyo. Awe wa hapa, awe wa Tanzania, awe wa mwezini, reti ni ile ile." Nikamuuliza kuhusu mlango. Alikuwa ameshasikia, maana niliona midomo yake inapambana na kicheko. Akageuza daftari kubwa kunionyesha mchoro wa kiwanja, namba zake, na alama ndogo za nguzo za mipaka yake. Akaweka kidole. "Unaona mlango hapa?" Sikuuona. Mchoro mzima haukuwa na mlango hata mmoja.

Nilimwambia anieleze yote, taratibu, na kwamba siondoki mpaka nielewe. Watu nyuma yangu waliguna, nikawaacha wagune. Nikamuuliza swali moja mara nne. Yule mama, Mungu ampe heri popote alipo, alisogeza bakuli la karanga pembeni akanieleza kama anavyomweleza mtu mzima mwenzake. Reti ni ya jengo, inaletwa hapa dirishani kila mwaka. Pango la ardhi ni jingine, la serikali kuu, kwa ajili ya hati, na lina ofisi yake. Kisha ipo ya tatu, inayolipwa mara moja tu, siku nyumba inapouzwa: kodi ya kuhamisha umiliki, na hiyo kwa sheria yao hulipwa na muuzaji. Isipolipwa, jina halibadilishwi. Ndiyo sababu jina la Astrida lilikuwa bado pale. Nilimwonyesha vikaratasi vya Kaluba. Alivitazama vyote, akavirudisha kwa ncha za vidole. "Huu muhuri," akasema, "ni wa ghala la mbolea."

Tulirudi nyumbani. Bana Mutale alipika, kwa sababu hakujua la kufanya zaidi, na tukakaa jikoni kwake, jiko la chini lenye ukuta mweusi wa moshi, kapenta, wale dagaa wao, wakichemka na nyanya. Hakuwa na pesa ya kodi ile ya kuuza. Zote zilikwenda chuoni kwa Mutale. Alikuwa amebakiza cherehani na kuku. Kabla hatujala Kaluba aliingia, maana habari ilikuwa imemfikia, akachuchumaa karibu na jiko kama ndugu. Akasema tusihangaike. Nyumba nyingi mpakani ziko hivyo. Nilipe reti kwa jina la Astrida, nikae kwangu kwa amani, jina likae lilipo, na kodi ya uhamisho itasahaulika. Bana Mutale aliitikia haraka. "Ni kweli, mdogo wangu. Mimi najua ni yako. Wewe unajua ni yako. Au huniamini?"

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko yote ya mwaka ule. Alikuwa mtu pekee aliyeniuzia bila kuniuliza mume. Kumkatalia kulikuwa kumwambia kwamba ama akope, ama auze cherehani, kwa ajili ya jina kwenye daftari. Na mimi ya zamani, ile ya kuinamisha kichwa, ingesema ndiyo na kula kapenta. Nikasema, "Wewe nakuamini. Siwaamini watakaokuja kukuzika." Aliacha kukoroga. Kaluba akasema huo ni uchuro. Nikamwambia yeye anyamaze, na ainuke, na asirudi kukaa jikoni mwa mwanamke yeyote ninayemjua. Bana Mutale hakula siku ile. Alilia, na mimi nikalia pia, kwa hasira, lakini sikurudisha neno langu. Nimeulizwa mara nyingi kama sikuona huruma. Niliona. Huruma haikubadilisha daftari.

Asubuhi nilirudi kwake na shauri. Nilikuwa na magunia yote ya chumvi ya msimu, mtaji wangu mzima. Nikamwambia nitayauza kwa jumla, kwa hasara, tulipe reti iliyolala, ambayo ni yangu, na tulipe ile ya uhamisho, ambayo ni yake. Na yake atanirudishia kwa kazi, kwa kuniuzia chumvi soko la kwao mpaka tutakapoona imetosha. Aliuliza kama benchi la sokoni litakuwa na kivuli. Basi miezi yote iliyobaki tulikaa benchi moja, yeye akipima kwa kopo na mimi nikifunga, na hapo ndipo nilipomjua: jinsi alivyotukana wateja wanaoonja bila kununua, jinsi alivyomsomea kila mtu barua za Mutale kutoka chuoni, jinsi alivyokuwa akisema kwamba mimi ni mkaidi na kwamba angependa Mutale awe mkaidi hivyo. Hata tulipoona imetosha hakuondoka kwenye benchi. Aliondoka mwaka huu.

Kaluba hakunirudishia kitu, na sikutegemea. Lakini alikuwa na sehemu yake, chini ya bati la mafundi baiskeli, alikokuwa anapokea wateja. Wiki mbili nzima, kabla ya soko, nilibeba kiti changu nikakaa ng'ambo ya njia, nikimtazama. Kila aliyefika kwake, Mtanzania au wa pale pale, nilimwita nikamwambia, "Ukishampa, dai risiti ya dirishani. Dirisha liko pale, dakika kumi, kuna mama wa miwani." Alinitishia polisi, nikamwambia awaite, nina swali nao kuhusu muhuri wa mbolea. Alinisihi kwa Kibemba, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza. Siku ya kumi na tano hakuja, na mafundi baiskeli wakaweka matairi pale alipokuwa anakaa. Wapo walioona nimevuka mipaka, mwanamke wa kigeni kumfukuza mwenye nchi. Nilivuka mipaka kila siku, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Safari za karatasi zilichukua muda, ofisi hii na ile, mihuri ya kweli safari hii, Bana Mutale akiwa pembeni yangu na nauli kwenye fundo la kitenge. Mwishowe tukarudi kwenye dirisha lile. Bamayo Chileshe alifungua daftari kubwa, akaweka rula chini ya jina la Astrida, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Bana Mutale aliuangalia mstari ule, akasema, "Endelea tu." Mama wa miwani akaniuliza jina. Nikayataja yote matatu. Akauliza jina la mume, maana fomu ilikuwa na nafasi yake. Nikamwambia aiache wazi. Akauliza kama kuna ndugu wa kiume wa kuwekwa hapo, asinilaumu, ni fomu. Nikamwambia aiache wazi. Akaandika, polepole, kwa herufi kubwa, kisha akaniangalia juu ya miwani. "Unajua sasa tukikosa reti hatumfuati Astrida tena. Tunakufuata wewe, kila mwaka, mpaka unakufa."

Nikamwambia hilo ndilo nililokuja kulitaka.

Mwezi uliofuata yule bwana wa baiskeli alikuja na taarifa mpya za kodi. Alizunguka mpaka nyuma bila kuuliza, akanikuta nachoma mahindi, akasoma jina langu kwenye bahasha ili ahakikishe: Sekela, na la baba, na la babu. Jirani wa kushoto alikuwa ukutani kwake, wanawake watatu walikuwa wanapita na ndoo. Nikamwambia sijasikia vizuri, asome tena, kwa sauti. Akasoma tena, kwa sauti.